Vipokezi vya protini za ukuaji na ulinzi wa niuroni baada ya jeraha la ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa udaktari na uuguzi, wanaofanya kazi maabara, na familia zenye mgonjwa wa kiharusi au aliyegongwa kichwa. Ukiwa na mgonjwa wodini sasa hivi, anza na swali la 9.

## Mambo ya msingi

1. Kipokezi cha protini ya ukuaji ni kitu gani?

Ni protini iliyopenya utando wa seli, nusu ikiwa nje na nusu ndani. Sehemu ya nje hunasa protini ya ukuaji inayopita karibu. Sehemu ya ndani ni kimeng'enya chenye kazi ya kubandika fosfeti kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Protini ya ukuaji hubisha hodi tu. Anayepeleka habari ndani ni kipokezi. Pasipo kipokezi kizima, protini ya ukuaji iliyojaa nje ya seli haina wa kuisikia.

Kwa niuroni, yaani seli za neva, ukoo wa vipokezi unaozungumzwa zaidi ni wa Trk, unaopokea protini za ukuaji za NGF, BDNF, NT-3 na NT-4. TrkA hupokea NGF, TrkB hupokea BDNF na NT-4, TrkC hupokea NT-3. Kando yao kuna p75, ambayo hupokea zote na ina tabia yake ya pekee (swali la 4). Nje ya ukoo huo kuna vipokezi vya protini nyingine za ukuaji: IGF-1, FGF na VEGF (inayootesha mishipa ya damu). Kipokezi cha erithropoetini, EPO, homoni inayochochea utengenezaji wa damu, hakina kimeng'enya chake chenyewe, hivyo hutumia kimeng'enya cha JAK2 kilichoshikamana nacho kwa ndani.

Historia kwa ufupi: NGF iligunduliwa na Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen huko St. Louis, Marekani, katika miaka ya 1950, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. BDNF ilitolewa kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na wenzake. Jeni ya Trk ilionekana kwanza ndani ya saratani ya utumbo mpana, na ilikuwa mwaka 1991 ndipo ilipofahamika kuwa ndiyo kipokezi cha NGF. Asili hiyo ya saratani ina maana yake hata leo (swali la 13).

2. Kwa nini niuroni huendelea kufa siku kadhaa baada ya ajali?

Kishindo chenyewe huua papo hapo: mishipa ya damu hupasuka, akzoni, nyuzi ndefu za niuroni, huvutika na kukatika. Hilo ndilo jeraha la kwanza, na hakuna dawa ya kulirudisha nyuma. Jeraha la pili hujitengeneza lenyewe. Damu na oksijeni hupungua, nishati ya seli huisha, pampu za chumvi kwenye utando husimama. Glutamati, kemikali ya kupitisha ujumbe, humwagika kutoka kwenye miisho ya niuroni na kufungua milango ya NMDA kwenye niuroni jirani, kisha kalsiamu huingia kwa wingi kupita kiasi. Kalsiamu hiyo huamsha kalpaini, kimeng'enya kinachokata protini nyingine, na huharibu mitokondria, mitambo ya nishati ya seli. Baadaye hufuata uvimbe, mwitikio wa kinga, na kaspase, vimeng'enya vinavyoitekeleza amri ya seli kujiua.

Katika kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba, makadirio yanayotumika ni niuroni milioni 1.9 kwa kila dakika bila matibabu. Kuzunguka kitovu cha jeraha kuna ukanda wa seli zilizodhoofika lakini hazijafa. Ulinzi wa niuroni unaozungumziwa hapa unahusu ukanda huo. Kitovu kimeshakwenda.

3. Kipokezi kinazuiaje niuroni isife?

Tuchukue BDNF na TrkB. BDNF huja ikiwa jozi, ikavuta TrkB mbili zikae pamoja, nazo zikabandikana fosfeti. Sehemu zenye fosfeti huwa kama vituo vya kupandia: protini za ndani hushika hapo na ujumbe kuondoka kwa njia tatu.

Ya kwanza ni PI3K na Akt, nayo ndiyo njia kuu ya uhai. Akt huibandika fosfeti protini ya kifo iitwayo Bad, ambayo hushikiliwa na protini ya 14-3-3 mbali na mitokondria. Bcl-xL inayolinda mitokondria hubaki huru. Akt hiyo hiyo huitoa FoxO kwenye kiini ili isiwashe jeni za kujiua. Njia ya pili ni Ras na ERK: huishia kwenye CREB, inayowasha jeni za Bcl-2 na za BDNF yenyewe. Ya tatu, PLC-gama, hutoa kalsiamu kidogo na kwa mpangilio kutoka ghala la ndani, na inahusika zaidi na maungio ya niuroni kuliko uhai wa moja kwa moja.

Fosfeti hubandikwa ndani ya dakika chache, ila protini mpya za ulinzi huchukua saa. Kisha kuna umbali. Kipokezi kilichoko kwenye ncha ya akzoni humezwa pamoja na BDNF yake ndani ya kifuko, endosomu, na injini iitwayo dainini hukikokota kando ya mikrotubuli, reli za ndani ya seli, hadi kwenye mwili wa niuroni. Akzoni za binadamu zinazotoka ubongoni hadi chini ya uti wa mgongo huzidi nusu mita. Ajali ikivuruga mikrotubuli, ujumbe wa uhai hukwama njiani ingawa ncha imeupokea vizuri.

4. p75 ni rafiki au adui?

Inategemea anayebisha. BDNF na NGF hutengenezwa zikiwa ndefu, kisha hukatwa zikawa fupi zilizokomaa. Umbo fupi hupendelea Trk, na p75 ikikaa jirani humsaidia Trk kuinasa. Umbo refu, proNGF au proBDNF, hushikwa na p75 ikishirikiana na protini iitwayo sortilini, na ujumbe unaotoka hapo ni JNK na kaspase, yaani kufa. Katika ubongo wa mtu mzima niuroni nyingi zina p75 kidogo tu. Baada ya jeraha huongezeka, na proNGF nayo huongezeka.

Kwa hiyo kusema "ongeza NGF" bila kutaja ni umbo gani na kipokezi kipi kiko tayari ni nusu ya habari.

## Kinachoharibika baada ya jeraha

5. Si ubongo huongeza BDNF wenyewe ukijeruhiwa?

Huongeza. Kwa panya, maagizo ya kutengeneza BDNF hupanda ndani ya saa chache kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, halafu hushuka ndani ya siku chache. Tatizo kubwa liko kwenye kipokezi, na hapa ndipo watu wengi hupotea.

Kalpaini iliyoamshwa na kalsiamu (swali la 2) huikata TrkB kamili. Kinachobaki kwenye utando ni kisiki kisicho na kimeng'enya, na kipande kilichokatwa huelea ndani. Wakati huo huo seli hubadilisha namna inavyounganisha maagizo ya jeni na kutengeneza zaidi TrkB-T1, umbo ambalo kiasili halina sehemu ya ndani ya kimeng'enya. TrkB-T1 huinasa BDNF vizuri kabisa, ila haisemi kitu ndani. Tena ikikaa jozi na TrkB kamili, huizima hata hiyo nzima. Unaweza kumwaga BDNF upendavyo. Ikiwa vipokezi vilivyobaki havina kimeng'enya, unalisha visiki.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba swali la kwanza ni "vipokezi vizima vimebaki vingapi, na kwa muda gani?" Kiasi cha protini ya ukuaji ni swali la pili.

6. Je, wakati wa kuchochea kipokezi unaleta tofauti?

Kubwa, na VEGF ndiyo mfano ulio wazi. Kipokezi chake cha pili, VEGFR2, kiko kwenye niuroni na huwasha Akt, kwa hiyo hulinda. Kipo pia kwenye kuta za mishipa ya damu, na huko huzilegeza. Panya waliopewa VEGF saa 1 baada ya kiharusi walivuja damu na maji zaidi ubongoni. Waliopewa baada ya saa 48 walipata mishipa mipya na wakapona vizuri zaidi. Dawa ile ile, kipokezi kile kile, matokeo kinyume.

## Matibabu

7. Ipo dawa ya aina hii hospitalini kwa jeraha la ubongo?

Hapana. Hakuna dawa ya kuchochea vipokezi hivi iliyothibitishwa kulinda niuroni za binadamu baada ya ajali ya kichwa au kiharusi. Iliyo karibu ni cenegermin, NGF ya matone ya macho, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa konea (kioo cha mbele cha jicho) iliyopoteza neva. Jichoni ilifaulu kwa sababu dawa hudondoshwa juu ya mahali penyewe, haina ukuta wa kuvuka.

8. Kwa nini zilifaulu kwa panya zikashindwa kwa watu?

Sababu ni kadhaa na zimeshikana.

Ukuta kati ya damu na ubongo huruhusu kwa shida chochote kizito kuliko takriban daltoni 500. Jozi ya BDNF ina daltoni 27,000 hivi. Tena ina chaji chanya nyingi, hunata kwenye tishu karibu na ilipodungwa, na katika damu ya panya nusu yake hutoweka kwa dakika chache. BDNF ya kuchoma chini ya ngozi ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli, katika miaka ya 1990 na haikuongeza uhai. NGF iliyopitishwa kwa mrija moja kwa moja ndani ya mashimo ya ubongo ya wagonjwa wachache wa Alzheimer ilileta maumivu ya mgongo na kukonda, kwa kuwa TrkA iko pia kwenye neva za maumivu. Ukiimwaga kila mahali, inaitikiwa kila mahali.

EPO ndiyo iliyofika mbali zaidi, na matokeo yake yanafaa kusomwa kwa makini. Jaribio dogo la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2002 lilitia moyo sana. Jaribio kubwa lililofuata, la mwaka 2009, lilikuwa na wagonjwa 522 wa kiharusi: waliokufa walikuwa asilimia 16.4 kwa waliopewa EPO na 9.0 kwa waliopewa dawa isiyo na kitu. Wengi walikuwa wamepewa pia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na shaka iliangukia mchanganyiko huo. Kwa ajali za kichwa, jaribio la mwaka 2015 lenye watu 606 halikuonyesha nafuu. Kwa watoto wachanga waliokosa hewa, jaribio la HEAL la mwaka 2022, watoto 500 waliokuwa wakishushwa joto la mwili, halikuonyesha nafuu pia, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa EPO.

Na kuna panya wenyewe. Huwa vijana, hawana kisukari wala shinikizo la damu, na hupewa dawa dakika chache baada ya jeraha kwa sababu mtafiti ndiye aliyelileta. Binadamu hufika baada ya saa nyingi, wakati kalpaini imeshapita.

9. Basi ni kipi kinacholinda niuroni leo?

Kuzuia jeraha la pili. Kila dakika ambayo oksijeni na damu vinafika ubongoni ni dakika ambayo kalsiamu haijafurika na vipokezi havijakatwa. Kwa ajali kubwa ya kichwa:

- Oksijeni ya damu isishuke chini ya asilimia 90, hata kwa muda mfupi.
- Namba ya juu ya shinikizo la damu (sistoli) isiwe chini ya 110 kwa mwenye miaka 15 hadi 49 au zaidi ya 70, wala chini ya 100 kwa mwenye miaka 50 hadi 69.
- Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, shingo iwe imenyooka, isipokuwa kama mgonjwa yuko katika mshtuko wa kupungukiwa damu.
- Sukari ipimwe na kurekebishwa.
- Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ndani ya saa 3: gramu 1 kwa dripu ya dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Jaribio la CRASH-3 la mwaka 2019 lilionyesha nafuu kwa majeraha mepesi na ya wastani, si kwa yaliyokithiri. Uamuzi ni wa daktari.
- Steroidi zisitolewe kutibu ajali ya kichwa. Jaribio la CRASH la mwaka 2004, watu zaidi ya 10,000, lilionyesha ziliongeza vifo.

Kwa kiharusi cha mshipa kuziba, dawa ya kuyeyusha damu hutolewa ndani ya saa 4.5 baada ya dalili kuanza, na picha ya CT lazima itangulie kuondoa shaka ya damu kuvuja. Kwa nyumbani, hii ina maana moja: andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, na mkimbize. Usimlaze "apumzike kwanza".

Aliyegongwa kichwa na boda boda akainuka na kuongea bado ni wa kuangaliwa. Akitapika mara kwa mara, akazidi kusinzia, akapata degedege, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, arudishwe hospitali hapo hapo.

10. Tumeambiwa tununue sindano za Cerebrolysin. Zinasaidia?

Ni mchanganyiko wa peptidi fupi na asidi amino unaotokana na ubongo wa nguruwe. Huuzwa kwa hoja kwamba hufanya kazi kama protini za ukuaji. Tathmini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, iliyounganisha majaribio ya kiharusi ilihitimisha kwamba huenda haina faida katika kuzuia vifo, na madhara makubwa yasiyo ya kifo yaliongezeka. Dozi ni za siku nyingi na gharama ni nzito. Sisi hatungeshauri familia iuze kitu kwa ajili yake. Fedha hiyo ifanye kazi zaidi kwenye CT, fiziotherapia na chakula cha mgonjwa. Familia za Kiislamu pia zina haki ya kuambiwa asili yake kabla ya kuamua, na mara nyingi haziambiwi.

11. Na vidonge vya "kuongeza BDNF", au dawa za sonona?

Kiambato kinachotajwa sana mtandaoni ni 7,8-dihidroksiflavoni. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa huwasha TrkB, lakini maabara nyingine zilizopima kwa uangalifu hazikuona TrkB ikiwashwa moja kwa moja. Usimpe mgonjwa.

Fluoksetini, dawa ya sonona, ilipewa nafasi nzuri. Majaribio matatu makubwa, FOCUS la Uingereza mwaka 2018, kisha AFFINITY na EFFECTS mwaka 2020, yaliitoa kwa miezi 6 baada ya kiharusi. Haikurudisha uwezo wa mwili, na mifupa iliyovunjika iliongezeka. Mgonjwa mwenye sonona atibiwe sonona yake. Hilo ni jambo lingine.

12. Mazoezi huongeza BDNF. Tuanze lini?

Ni kweli huongeza, kwa panya imeonekana tangu 1995. Lakini mapema mno ni kosa. Katika jaribio la AVERT la mwaka 2015, wagonjwa 2,104 wa kiharusi, walioinuliwa na kutembezwa kwa wingi ndani ya saa 24 walikuwa na matokeo mabaya zaidi baada ya miezi 3. Panya waliojeruhiwa kichwa na kupewa gurudumu mapema hawakupata ongezeko la BDNF, walilipata walipocheleweshwa. Seli ambazo hazijarudisha nishati hazina cha kulipia kazi ya ziada. Siku ya kwanza: kumgeuza, kumkalisha kwa muda mfupi hali ikiruhusu. Baada ya hapo, vipindi vifupi vya mara kwa mara, vikiongezwa polepole na mtaalamu wa fiziotherapia.

13. Kuchochea vipokezi hivi hakuwezi kuleta saratani?

Wasiwasi huo una msingi. Jeni za Trk zikiungana vibaya na jeni nyingine, kipokezi huwaka muda wote na kuotesha uvimbe. Larotrectinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, huzuia Trk katika saratani hizo, na madhara yake yanatufundisha kazi ya Trk kwa mtu mzima: kizunguzungu, kuongezeka uzito, na maumivu dawa ikisimamishwa. Uchochezi wa siku chache baada ya jeraha si sawa na kuwaka kwa miaka, ila mwenye historia ya uvimbe wa ubongo kwa kawaida huachwa nje ya majaribio haya.

## Maabara na hali za pekee

14. Kipimo cha BDNF kwenye damu kinaeleza hali ya ubongo?

Kwa shida sana. BDNF nyingi ya damu imehifadhiwa ndani ya chembe sahani. Damu ikiganda kwenye chupa, chembe hizo huimwaga. Ndiyo maana seramu, maji ya damu iliyokwisha kuganda, huonyesha BDNF nyingi zaidi sana kuliko plasma, maji ya damu iliyozuiwa kuganda. Tofauti ya dakika 20 katika kusubiri damu igande inaweza kukupa "matokeo" yasiyotokana na mgonjwa. Ukilazimika kupima: aina moja ya chupa kwa wote, muda uleule wa kuganda, na ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili, inayotofautisha BDNF iliyokomaa na proBDNF. Hata hivyo, kipimo hakitakuambia chochote kuhusu vipokezi.

15. Nitaonyeshaje kwamba TrkB imewaka katika niuroni nilizootesha?

Tumia niuroni za gamba la ubongo zenye siku 7 au zaidi kwenye sahani. Za siku 2 zina TrkB kamili kidogo. Ondoa virutubisho vya ukuaji saa 2 hadi 4 kabla. Weka BDNF nanogramu 50 kwa mililita, kwa dakika 5 na 15. Sahani moja iachwe bila kitu, nyingine itangulizwe K252a nanomola 200 ili kuzuia Trk. Vunja seli kwenye barafu ukiwa umetia vizuia fosfatase, ikiwemo vanadeti milimola 1. Tenganisha protini kwenye jeli, hamishia kwenye utando, kisha tumia kingamwili ya TrkB yenye fosfeti, halafu ya TrkB yote.

TrkB kamili hukaa karibu na kilodaltoni 140, ya T1 karibu na 95. Chagua kingamwili inayotambua sehemu ya nje, la sivyo T1 hutaiona kabisa na utadhani hakuna kilichokatwa.

Makosa ya kawaida: BDNF hunata kwenye plastiki, hivyo iyeyushe pamoja na albumini asilimia 0.1, kuigandisha na kuiyeyusha mara nyingi huiua, kusahau vanadeti hufuta fosfeti zote kabla hujafika kwenye jeli, na kupima Akt peke yake hakuthibitishi TrkB, maana insulini iliyomo kwenye maji ya kuoteshea huwasha Akt pia.

16. Badiliko la jeni la Val66Met lina uzito gani?

Hubadilisha asidi amino moja kwenye sehemu ya BDNF inayokatwa, hivyo BDNF iliyokomaa ni ileile. Kinachopungua ni utoaji wake niuroni zikifanya kazi. Kwa askari wa Marekani waliojeruhiwa kichwani katika vita vya Vietnam, wenye badiliko hili (Met) walihifadhi uwezo wa akili vizuri zaidi, kinyume na wengi walivyotarajia. Badiliko hili ni la kawaida Asia ya Mashariki, lipo kwa kiasi Ulaya, na ni nadra sana Afrika kusini mwa Sahara, kwa hiyo kulipima kwa mgonjwa wa Dodoma au Kisumu hakubadilishi matibabu yake.

17. Utafiti sasa unaelekea wapi?

Kwenye kukilinda kipokezi chenyewe. Zipo peptidi fupi zilizoundwa kuvuka utando na kumzuia kalpaini asiikate TrkB. Kwa panya waliosababishiwa kiharusi zimepunguza ukubwa wa jeraha. Zipo molekuli ndogo zinazovuka ukuta wa ubongo na kuituliza p75. Mojawapo, LM11A-31, imeshajaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer kwa wiki 26 na ikavumilika vizuri, matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Ni vidonge, si protini nzito, na hilo linaondoa vikwazo kadhaa vya swali la 8. Kikwazo cha muda kimebaki palepale: mgonjwa bado anapaswa kufika wodini wakati TrkB yake ingali nzima.